Mistari Minne ya Mama

Shoga, uko wapi? Pokea simu, nitapasuka!

Yule mchoraji mwenzangu amepaka rangi nyeupe juu ya mistari ya mama. JUU YA MISTARI YA MAMA!

Si unaijua ile picha yetu kubwa ya mkaa, uzi na vipande vya magazeti? Tunapokezana wiki kwa wiki, na sharti letu ni moja tu: unaongeza, hufuti cha mwenzako. Wiki yangu nilimshikisha mama mkaa, mara ya kwanza tangu apooze mkono. Akachora mistari minne, jasho linamtoka.

Leo nimempeleka kwenye maonyesho akaione. Pembe nzima nyeupe pee!

Namuuliza jamaa, ananijibu bila haya, "Nilidhani mtoto amechezea. Nimekusafishia."

Amenisafishia! Amenisafishia, shoga!

Nikamwakia mbele ya wageni wote, sikujali. Mama akanivuta nguo: "Mwache, mwanangu. Hata mimi niliona nimeiharibu."

Nimeing'oa ukutani nikaja nayo nyumbani. Iko hapa mezani, nakwangua ile rangi kwa wembe. Mstari mmoja umeshaonekana.

Mama ameketi kando yangu, ananionyesha kwa kidole ulipo wa pili.