Watatu Waliokuja Matanga ya Kadzo

Ijumaa, Februari 2013. Al Warqa, Dubai. Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito, hata ukuta wa jirani sikuuona. Sasa jua limetoka lakini mimi bado niko kwenye ukungu wangu.

Kwanza salamu. Mama, shikamoo, na mguu waendeleaje, usiache kuukanda kwa maji ya moto. Baba Sidi, naamini kifua kimepoa, na kama hakijapoa usinifiche. Mkwe wangu Mzee Karisa, nakuamkua kwa heshima zote, wewe na mama wa nyumba yako. Mkwe wangu Chengo, mume wa Sidi, huko kazini Mariakani, salamu zikufikie. Watoto wa marehemu Kadzo, nawakumbatia wote, na yule mdogo msimwache akalala bila kula hata akikataa. Na wewe Sidi mwanangu, pamoja na huyo aliye tumboni, nawasalimu kwa pumzi moja. Mimi mwili mzima. Moyo ndio haukai.

Na nyinyi wengine mnaosoma, ukurasa huu wa mtandaoni alinifungulia Mwanaisha, binti wa Tanga anayefanya kazi nyumba ya pili. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hivyo mtanivumilia. Naandika kama ninavyosema.

Leo madam na watoto wameenda kwa bibi yao. Nimebaki na pasi na rundo la kandura, kanzu za wanaume wa huku. Sidi akanipigia, sauti imeshuka kama mtu aliyefiwa.

"Mama, Sista Nyevu amejitoa. Jana amepanda jukwaani na Diwani, naye Diwani akamuinua mkono."

Nilikaa chini sakafuni.

Nieleze, maana wengine hamjui kwetu. Mwezi ujao watu wanapiga kura, na kuna kiti kipya, cha bunge la kaunti. Ati serikali sasa itakuwa karibu na watu. Wadi yetu ilikuwa na watatu wanaokitaka: Diwani wa zamani, mtu mmoja tajiri tunayemwita Bwana Malori, na Sista Nyevu, nesi aliyestaafu. Mimi huku sipigi kura. Sikusikia mikutano yao wala sikuona picha zao ukutani. Niliwapima kwa jambo moja tu, jinsi walivyokuja matanga ya mdogo wangu Kadzo.

Kadzo alikufa mvua za mwaka jana, juu ya pikipiki, njia ya hospitali, mtoto akiwa bado tumboni. Kutoka mlangoni kwake unaiona dispensari, ina bati jipya na ukuta wa rangi ya samawati. Tangu ijengwe haijawahi kuwa na nesi. Mlango una kufuli.

Sikuweza kwenda kumzika. Paspoti iko kwa kafeel, mwajiri aliyenidhamini, na madam alisema watoto wana mitihani. Baba Sidi akaweka simu kwenye benchi pale matangani, mimi nikasikiliza huku napiga pasi.

Nikamsikia Diwani akichukua kipaza sauti. Alisema ile dispensari ni kazi ya mikono yake, na kama marehemu angekuwa hai angekuwa shahidi. Watu wakapiga makofi. Jamani, matangani. Makofi yenyewe niliyasikia kwa masikio yangu.

Bwana Malori alikuja na magari, akashusha unga, sukari na sufuria mpya. Akaahidi ambulensi. Akamtaja marehemu kwa jina la dada yetu mwingine, ambaye alikuwa amekaa palepale mbele yake analia. Akaondoka kabla ya jeneza kushuka.

Sista Nyevu hakuomba kipaza sauti. Mama ndiye aliyenisimulia baadaye. Alikuja kwa miguu, akavua viatu, akakaa mkekani na wanawake. Akamuuliza mama damu ilianza lini, nani alikuwa naye, walimlaza vipi. Katika watu wote waliokuja siku ile, ni yeye peke yake aliyeuliza Kadzo alikufaje.

Nikasema basi, huyu ndiye.

Na hapa ndipo penye uchungu wangu. Sidi mimba yake ya kwanza imeingia mwezi wa tisa. Tulishakubaliana aende Kilifi mjini kwa shangazi yake, akae karibu na hospitali. Mimi ndiye niliyemwambia angoje. Nilisema, "Mwanangu, mpigie Sista kura yako kwanza, halafu uende. Ile kufuli ifunguke kwa ajili ya wenzio." Nilijiona nina akili.

Sasa Sista hayupo na mwanangu amefungiwa. Wazee wa ukoo wamekaa, wamekunywa mnazi, wamempa Bwana Malori neno lao kwa kuwa mama yake ni wa ukoo wetu. Kila mzee ameahidi kura za boma lake, na ndiye anayeshika vitambulisho vya watu wake mpaka asubuhi ya kura. Cha Sidi kiko kwa Mzee Karisa, baba mkwe wake. Na neno limetoka kwamba asisafiri mtu.

Mwanaisha alipokuja kuchukua sabuni akanikuta vile. Nikamweleza.

"Huyo Sista wenu kapewa nini?" akaniuliza.

"Anasema Diwani atampa mambo ya afya."

"Mama Sidi, kwenu mtu akiinuliwa mkono mmoja, we mtazame ule mwingine uko mfukoni mwa nani." Akacheka, kisha akaona uso wangu, akaacha.

Nikampigia Sista. Namba mama alikuwa nayo. Nilikuwa nimejipanga kumsema vibaya, lakini aliposikia jina la Kadzo aliniwahi.

"Ukoo wangu ni mdogo, mama," akasema. "Ningebaki peke yangu ningepata nini?"

"Na dispensari, Sista? Nina binti mjamzito hapo."

Akauliza, "Binti yako yuko mwezi wa ngapi?"

Nikamwambia.

"Miguu imevimba?"

"Imevimba. Na kichwa kinamuuma."

"Mtoeni huko. Asingoje kura, asingoje mtu. Leo kama inawezekana."

Simu ikakatika, sijui ni yeye au ni mtandao.

Tangu hapo nimekaa na hilo neno. Yeye aliyetaka kuifungua dispensari haamini tena kama itafunguka. Sasa mimi niamini nini? Wamebaki wawili. Mmoja alijenga nyumba ya kufuli, mwingine hajui hata nani kafa. Nawageuza kama nguo chafu, ndani ni kama nje. Nasikia watu wakisema chagua aliye afadhali. Mimi afadhali siioni. Sitaki kusema uongo ili nifunge ukurasa vizuri.

Nimeshindwa. Kura sina, paspoti sina, na maombi ya leo yametoka makavu.

Mzee Karisa, mkwe wangu, najua Sidi hukusomea haya jioni, na leo atayasoma yote bila kuruka. Neno lako kwa wazee sikuja kulivunja, mimi ni mwanamke na niko mbali. Lakini uliwaahidi kura, hukuwaahidi mtoto wangu. Ulishika jembe kwenye kaburi la Kadzo. Mrudishie Sidi kitambulisho chake, maana hospitali watakiuliza. Na kama utaona vigumu, basi kaa nacho, mwache aende bila hicho. Aibu ya boma kupungukiwa kura moja nibebeshe mimi.

Baba Sidi, mtafute yule mwenye gari la probox anayebeba mboga, mpande naye alfajiri. Usimpakie mtoto pikipiki. Pikipiki hapana.

Sidi, mwanangu, mimi ndiye niliyekwambia ngoja. Sasa nakwambia nenda. Kichwa kikizidi au macho yakiona giza, usiwaonee haya watu, piga kelele.

Sijui kama watakuruhusu. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena, na bado sijui.

Nawaomba yeyote atakayesoma haya nyumbani anitumie neno upesi, hata neno moja, kama ameondoka au amebaki. Madam anarudi usiku lakini simu naiweka kwenye mfuko wa aproni. Msiningojeshe.