Kikapu Kisicho na Uzi Mwekundu

Weh! Uko wapi? Mwenzako nimeumbuka!

Yule mteja wa ng'ambo aliyenunua kikapu changu kikubwa mtandaoni, leo anadai arudishiwe pesa. Eti mkono wa kikapu umekatika siku ya kwanza. Siku ya kwanza! Alibebea nini, matofali?

Katuma picha. Nikaikuza mpaka kitakoni. Hakuna uzi mwekundu! Na unajua kila kikapu changu nakishona uzi mwekundu pale, ndiyo alama yangu.

Mori ukanipanda. Nikamwandikia: "Hicho si changu. Mwizi wewe, kajaribu kwa wengine!"

Raha niliyoisikia! Nikamsomea mama mkwe kwa sauti, nacheka peke yangu.

Yeye hakucheka. Akaendelea kusuka, akasema taratibu, "Kile kikubwa si nilikumalizia mimi ulipougua? Uzi mwekundu sikuuona, nikaacha."

Nikamuuliza, "Na mkono je?"

"Mkono nao nilikuwa na haraka."

Haraka! Haraka ya kwenda wapi?

Sasa wewe uliyesoma, niandikie maneno ya kumwomba radhi mtu uliyemwita mwizi. Upesi, tafadhali. Mama mkwe amejitolea kuniandikia yeye, na umeshaona anavyomalizia kazi za watu.