Wastani Wako Siutaki

Baba Wakesho,

Dada yako alifika jana kwangu hapa Voi, akakikalia kile kiti chako, akanywa chai vikombe viwili ndipo akatoa ujumbe. Eti umechoka kuishi peke yako huko Wundanyi, unataka kurudi nyumbani. Tena eti ukipiga wastani, miaka yetu kumi na miwili ilikuwa mizuri. Wewe, mwalimu wa kemia, ndiye wa kuniletea mimi wastani?

Nakumbuka ulivyoingia pale shuleni. Mimi nilikuwa fundi wa maabara, naosha chupa na kupima asidi. Wewe ulikuwa umeshuka tu kutoka milimani na daftari lako la majibu. Vipande vya marumaru vikamwagiwa asidi, gesi ikasukuma sirinji, wanafunzi wakapata namba tofauti na zako, ukawakata alama darasa zima. Nikakuita kando nikakuambia, Mwalimu, namba zako ulizipima kwenye baridi ya Wundanyi, hapa Voi joto linaharakisha kila kitu. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukawarudishia alama zao, ukawaambia mbele yangu, “Nimekosea.” Hapo ndipo nilipokupenda, na sikatai.

Somo lile nimelisikia mara ngapi? Gesi yote ukiigawanya kwa dakika zote unapata kasi ya wastani, na wastani unaficha mambo, maana mwanzoni povu lilikuwa linaruka na mwishoni hakuna kitu. Ukitaka kasi ya papo hapo, ulisema, weka rula kwenye mchoro, iguse ule mstari uliopinda mahali pamoja tu, kwenye sekunde ile ile unayoulizwa, kisha upime rula imeinamaje. Aliyepiga mstari kutoka mwanzo wa mchoro alipewa sufuri. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na ndoo yangu, nikalishika somo kuliko wao.

Basi lete rula, iweke kwenye Jumanne ile.

Nilikuwa nimempeleka Wakesho kliniki. Ukachanganya asidi mwenyewe, haraka haraka, ikawa kali kupita kiasi. Niliporudi nilikuta msichana wa kidato cha tatu mkono wake uko chini ya mfereji, analia, na meza nzima imejaa povu. Mwalimu mkuu akauliza nani amechanganya. Nikakutazama. Wewe ulikuwa unatazama viatu vyako.

“Mama Wakesho ndiye huchanganya,” ukasema.

Yaani hata hukusema uongo, na hapo ndipo panaponichoma. Siku nyingine zote ilikuwa mimi. Kwa wastani ni mimi. Lakini yeye aliuliza ya asubuhi ile, na asubuhi ile nilikuwa nimepanga foleni na mtoto wako mgongoni.

Wiki hiyo nikafutwa kazi; nilitaja kliniki, lakini neno la mwalimu lilishinda la fundi. Wewe ukaomba uhamisho ukarudi kwenye baridi yako, ukaniachia mtoto na jina la mwanamke aliyemchoma mtoto wa watu. Sokoni wapo wanaonong'ona nikipita mpaka leo.

Nilimuuliza dada yako kama umetaja habari ya asidi. Akaniuliza, asidi gani? Kumbe hata yeye hujamwambia! Nikacheka, Baba Wakesho, kicheko kibaya, mpaka akaweka kikombe chini.

Miaka mizuri ilikuwepo. Ulinitekea maji mimba yote, sijasahau. Lakini usiichukue miaka hiyo uizimulie Jumanne yangu, kama maji kwenye asidi. Nina hasira na wewe, na sitajifanya sina. Nenda kwanza kwa mwalimu mkuu, kisha kwa yule msichana, ukaseme lile neno ulilolisema siku ya daftari. Kabla ya hapo usibishe mlango wangu.

Siku hizi natengeneza sabuni ya maji, nauza. Kila chupa naibandika karatasi kwa mkono wangu. Nimempa dada yako moja akuletee. Isome pole pole: Imechanganywa na Mama Wakesho.

Hiyo kweli nimeichanganya mimi.

Kaa salama na baridi yako,
Aliyekuwa mkeo