Damu Yangu Inaganda, Baba Mkubwa Anasema ni Mpaka

Bi Maulida shikamoo, na pole kwa kazi ya kubeba matatizo ya watu. Nakusoma kila Ijumaa nikiwa kwenye banda langu la nguo hapa Sakina, nawacheka wenzangu wanaokuandikia, leo kalamu nimeishika mimi, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo na usinichape sana maana mwenzio mgonjwa.

Mimi ni Hanna, nina miaka thelathini na sita, nina mume na watoto wawili, kwetu ni Nkoaranga huko juu kwenye migomba na kahawa. Miaka mitatu iliyopita mguu wangu wa kushoto ulianza kuuma kwenye kigimbi, nikadhani ni kusimama sana bandani, nikaenda duka la dawa wakanipa vya maumivu, haukusikia, nikaenda zahanati moja nikaambiwa malaria, nikamaliza dozi mguu ukazidi kuvimba, nikarudi nikaambiwa basi ni taifodi, Bi Maulida taifodi gani inakaa mguu mmoja na wa pili hauna habari, mwishowe jirani akanipeleka kwa mama mmoja anayechua kwa mafuta ya kondoo, akanichua siku mbili huku ananiambia jikaze mshipa unanyooka, siku ya tatu napanga nguo nikakosa pumzi kabisa, kifua kinachoma, mume wangu akanikimbiza hospitali kubwa ndipo nikaambiwa damu imeganda mguuni na bonge limekatika likapanda mpaka kwenye mapafu. Nililazwa siku kumi na mbili nikapewa vidonge vya kuzuia damu isigande.

Nilimeza miezi sita wakasema tuache tuone, mwezi wa nne tangu niache mguu wa kulia nao ukaganda, nikarudishiwa vidonge. Sasa daktari anasema Hanna wewe bado kijana, hukuvunjika, hukupasuliwa, hutumii dawa za uzazi wa mpango, ukiganda mara mbili namna hii kuna kitu kwenye damu yako ambacho hatujakijua, akaniandikia rufaa kwa bingwa wa damu, halafu akaniuliza kwenu kuna mtu yeyote damu iliwahi kumganda? Nikamjibu hapana daktari, kwetu hakuna, na sikumdanganya, kwa sababu kwetu tatizo siyo damu, kwetu ni mpaka.

Ngoja nikueleze. Babu yetu marehemu Nathanael aling'oa masale, ile mimea ya mpaka, kati yetu na akina mzee Gadiel, akayapanda hatua tatu ndani ya shamba la Gadiel apate nafasi ya mistari miwili ya kahawa. Na sale kwa sisi huku juu ndilo mpaka na ndilo msamaha, mtu akikujia nalo mkononi huwezi kumkatalia, halichezewi, basi tangu hapo ukoo wetu tunaondoka kwa mpaka. Babu mwenyewe alivimba mguu, akaangukia shambani anahema. Shangazi Elinaza alijifungua salama kabisa, siku ya kumi na moja yuko ndani analishwa mtori akasema mguu unamvuta, kesho yake akakosa pumzi, akakata roho. Baba yangu Fanuel alikwenda msibani Mwanza kwa basi, akarudi mguu umekuwa gogo, siku ya pili pumzi ikambana, akafia kwenye kiti na kikombe cha chai mkononi. Wote ni mpaka, hata mazishini ilisemwa hivyo mchungaji alipokwisha kuondoka, na ndiyo maana hatuwasalimii akina mzee Gadiel, wakipita mbele yetu kanisani sisi tunaangalia dari.

Sasa baba mkubwa Melkizedeki, kaka yake baba, ndiye mkubwa wa ukoo na ni mzee wa kanisa, amesema Jumamosi ya wiki ijayo tunachinja kondoo pale mpakani, yeye haiti tambiko, anaita kikao cha ukoo chenye kondoo. Amesema mimi ninayeumwa niwe nimeacha vidonge siku saba kabla ili damu yangu iwe ya nyumbani, na badala yake ninywe supu ya mizizi aliyonipa kwenye dumu, nimeshakunywa vikombe viwili. Tena amenikataza kwenda kwa bingwa, eti nikiyataja ya marehemu yataandikwa kwenye kompyuta, akina Gadiel watasikia kwamba tumekubali ulikuwa ugonjwa, na sura zetu tutaziweka wapi. Daktari naye alisema nisiruke hata kidonge kimoja. Bi Maulida, baba mkubwa ndiye aliyenisomesha baba alipofariki, nikimkatalia nitakuwa nimejitoa kwenye ukoo.

Mama yeye yuko na mdogo wangu Jackline ambaye amekuja kujifungulia nyumbani, ana miezi saba, naye tangu juzi analalamika mguu mmoja umevimba na kigimbi kinauma ila mama anasema ni mimba tu, nimemwahidi nikipanda huko nitamgawia vidonge vyangu vile nitakavyokuwa sivihitaji.

Nishauri, vidonge niache siku saba kwa heshima ya ukoo au nimkatalie mzee? Na kwa bingwa niende au kwanza kondoo? Namba yangu ipo chini, usiichapishe.

Hanna, Sakina.

BI MAULIDA ANAJIBU

Marahaba, Hanna mwanangu. Umeomba nisikuchape sana. Ombi limekataliwa.

Barua yako ilinifikia Jumatatu na gazeti hili linatoka Ijumaa. Niliisoma nacheka. Nilicheka taifodi ya mguu mmoja, nikacheka ukoo mzima unaoangalia dari kanisani kama mafundi wa umeme, nikafika kwa Jackline nikaacha kucheka. Kurasa nne umeniandikia. Kondoo amepata aya nzima. Jackline, mdogo wako wa damu, mwenye mimba ya miezi saba na mguu mmoja uliovimba, umempa sentensi moja, tena ya kupitia tu.

Sikusubiri Ijumaa. Wasomaji wajue kwamba nilikupigia palepale. Ukapokea, ukaanza, "Bi Maulida shikamoo, umeshaamua ile habari ya kondoo?" Nikakuambia kondoo hana haraka, Jackline yuko wapi? "Yuko kwa mama, anamenya ndizi." Na mguu? "Leo umezidi, hata ndala haiingii." Nikakuambia funga banda, mpigie mama, Jackline apelekwe hospitali sasa hivi, asiteremke ule mteremko wa kwenu kwa miguu, asichuliwe na mtu yeyote kwa mafuta ya mnyama yeyote, na vidonge vyako asiviguse kabisa. Ukaniuliza, "Nimwambie kwanza baba mkubwa?" Hapo ndipo nilipokupigia kelele, na kelele zile sizitakii radhi.

Habari ya kugawana vidonge nairudia hapa, maana najua hamko peke yenu. Vile vidonge ulivyopewa wewe vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mjamzito ana dawa yake, anapewa na daktari, kwa kipimo chake. Dawa ya damu si kanga mkopeshane.

Haya, maswali yako. Vidonge huachi. Siku saba huachi, siku moja huachi. Ulishaachishwa mara moja, tena na madaktari, na mguu wa pili ukaganda, unataka ushahidi gani mwingine? Mzee anataka damu yako iwe ya nyumbani. Damu ya nyumbani ndiyo hiyo inayoganda, mwanangu! Jumamosi hiyo kuna mmoja tu aliyepangiwa kufa pale mpakani, naye ana manyoya. Usijiongeze kwenye orodha.

Lile dumu usilimwage, na usilinywe tena. Libebe mpaka kliniki, uliweke mezani, useme nimekunywa vikombe viwili vya hiki. Utaona aibu, najua. Vidonge vyako vinagombana na vitu vingi, pamoja na mizizi, na daktari asipojua atakuwa anapima damu yako huku anapigwa chenga.

Sasa tuje pale uliponiudhi kweli. Daktari alikuuliza, kwenu yupo aliyeganda damu? Ukasema hapana. Na unasema hukudanganya. Nakuamini, na ndiyo maana nilitaka kulia. Miaka mitatu watu wanatafuta chanzo cha ugonjwa wako kwa mashine, na kumbe kimekaa kwenye ukurasa wako wa pili, umeniletea mimi, mama wa kidato cha nne ninayeandika gazetini! Babu: mguu, pumzi. Shangazi: katoka kujifungua, mguu, pumzi. Baba: kakaa kwenye basi safari nzima, mguu, pumzi. Wewe mwenyewe: mguu, pumzi. Mpaka gani huo usiojua mkono, usiojua tumbo, kila mara unatafuta miguu tu? Jina la ugonjwa sikupi, kwa sababu silijui na si kazi yangu. Ziko damu zinazorithiwa zenye tabia ya kuganda kupita kiasi, na ziko sababu nyingine, bingwa ndiye atakayesema baada ya vipimo. Lakini bila habari za hao watu watatu unamtuma akatafute gizani na kurunzi umeificha wewe kwenye kanga.

Na vipimo vyenyewe usivipangie ratiba. Vingine vidonge vinavivuruga, kwa hiyo utasikia wenye ujuzi mwingi hapo Sakina wanakuambia acha dawa kwanza ndipo upimwe. Usiwasikilize. Nenda na vidonge vyako na kadi yako, bingwa ataamua apime nini lini. Na wakikuambia majibu hayajaonyesha kitu usirudi mbio mpakani, kuna watu wanapimwa mara ya pili na ya tatu.

Mzee Gadiel naye nimemwonea huruma jamani. Mtu kang'olewa mpaka wake, kachukuliwa hatua tatu, kapandiwa kahawa ya wenzake ndani ya shamba lake, halafu yeye ndiye anayenuniwa! Juu ya hapo kabebeshwa marehemu watatu ambao hakuwagusa. Mmekuwa na hofu kwamba akisikia ni ugonjwa atawacheka. Acheni awacheke, ana deni la kicheko kwenu la miaka mingi.

Baba mkubwa wako simdharau. Mtu aliyekusomesha ukiwa yatima ana heshima yake, na shikamoo yake mpe kila siku. Lakini shikamoo si kidonge. Mwambie hivi: baba, umenisomesha ili nijue kusoma, na nimesoma karatasi ya rufaa, inasema niende. Tena na yeye ni mtoto wa Nathanael, mguu wake ni wa ukoo huohuo, amweleze daktari wake.

Hapa nilikuwa nimekuandalia ushauri mzuri sana. Mimi ni mtu wa mjini, asili ya kwetu Tanga, masale nayaona kwa majirani tu, lakini kama ni kweli mwenye sale mkononi hakataliwi, nilitaka uchume moja umpelekee baba mkubwa, umwombe akusimulie kila aliyeondoka kwa namna ile, alikuwa na umri gani, alianzaje, ilichukua siku ngapi, wewe uandike umpelekee bingwa. Nilikuwa najisifu kwa akili hiyo. Kisha Jumatano ukanitumia ujumbe, na umeniruhusu niwaambie wasomaji.

Jackline amelazwa tangu Jumatatu ileile. Kipimo cha picha kimeona bonge la damu kwenye paja. Anachomwa sindano zake, anapumua vizuri, na mtoto anacheza tumboni. Baba mkubwa alikuja wodini kamshikia mama chupa ya mtori, akakaa kwenye kiti bila kuvua kofia, hakutaja kondoo, hakutaja mpaka. Akatazama ule mguu, halafu akakuuliza jambo moja tu: "Na Elinaza naye ilikuwa hivihivi?" Ukaniandikia kwamba ulitoka nje.

Rudi ndani, Hanna. Mjibu, na umjibu kwa upole, yule alikuwa dada yake. Mwambie ndiyo baba, ilikuwa hivihivi, na wakati ule hakuna aliyejua. Mwache alie kama anataka kulia. Sale nililokuwa nimempangia yeye halihitajiki tena, lipelekeni kwa mzee Gadiel, na mkienda nalo msisahau zile hatua tatu.

Kisha kaa naye hapohapo wodini na karatasi moja. Yeye aseme, wewe andika: Nathanael, Elinaza, Fanuel, kila mmoja na kilichomkuta. Chini yao andika Hanna, andika na Jackline. Na mbele ya majina hayo mawili uandike kwa herufi kubwa, daktari asome na baba mkubwa asome: YUPO HAI.