Shamba la Bibi

Jumatatu, 4 Oktoba 2021
Mama amefika kwangu hapa mjini Katoyi mchana huu kwa basi ya kutoka Kiwanja. Hakupiga simu, na mikono mitupu! Mama yangu, ambaye kila mavuno ananitumia mfuko wa maharage. Nikamuuliza kuna nini. Amekuja kununua maharage, anasema. Kununua! Nikacheka. Halafu nikaona yeye hacheki.

Kumbe ni kampuni. Papa alikubaliana nao mwaka jana: wao mbegu na mbolea, yeye shamba, na ndani mahindi peke yake. Msimu uliopita Mama alipanda maharage yake kama siku zote. Wakayang'oa yote.

Jumanne, 5 Oktoba
Hasira haijanitoka. Kwetu shamba moja ni mashamba mawili, hata mtoto anajua! Mahindi ni ya bwana. Maharage na maboga katikati ya mistari ni ya bibi. Papa hachukui hata kikombe kimoja bila kuomba. Sasa ametia sahihi kwa yake na kwa ya Mama, na siku hiyo Mama alikuwa jikoni anawapikia hao wageni wa kampuni. Wageni gani hao!

Nimempigia Papa simu. Anasema mahindi yakitoka vizuri atamnunulia Mama maharage.
— Kwa hiyo sasa Mama atakuwa anakuomba?
Amekata simu.

Jumatano, 6 Oktoba
Nimenunua maharage ya mchanganyiko. Mama akayamwaga kwenye ungo, akaanza kuchagua. Nilidhani anatoa mawe. Hapana — anatoa mbegu za kupanda. Amezifunga kwenye kitambaa.

Ijumaa, 8 Oktoba
Mama amerudi nyumbani na kitambaa chake cha mbegu.

Alhamisi, 28 Oktoba
Maharage yameota! Mama anacheka kwenye simu. Halafu sauti ikashuka. Hilaire, agronome, bwana shamba wa kampuni, ameyaona. Jumanne watapuliza dawa ya majani. Mahindi yatabaki, kila kingine kitakufa. Na hiyo pompe ya kupulizia atabebeshwa nani? Papa. Papa mwenyewe!

Patron wangu wa kazi huko Himbi amekataa kunipa ruhusa. Nitakwenda tu.

Jumatatu, 1 Novemba
Nimepotea njia ya kwetu. Mimi, niliyezaliwa pale! Motari aliyenibeba kwa pikipiki ananiuliza: mama, ni wapi? Sijui nimjibu nini. Zamani ulikuwa unapita migomba ya jirani yetu Niyitegeka, halafu ua wa miti ya miyenzi, halafu mti wetu wa avoka, umefika. Wameng'oa vyote ili trakta ya kampuni igeuke vizuri. Mahindi, mahindi, mahindi, urefu mmoja, mpaka mlima unapoanzia. Hakuna hata kivuli cha kupumzikia. Tulirudi nyuma mara mbili. Nimelia juu ya pikipiki kama mjinga, na motari ananiuliza kama kuna kilio nyumbani.

Papa amenisalimia bila kunitazama.

Jumanne, 2 Novemba
Niko pembeni ya shamba. Naandika ili mikono yangu isifanye kitu kingine.

Mama amechuchumaa katikati ya maharage yake. Papa ana pompe mgongoni. Hilaire yuko juu ya pikipiki yake, hata kushuka hashuki.
— Muzee, fanya mbio, jua inapanda.
— Mama Uwingabire, toka hapo, Papa anasema. Hii dawa ni mubaya.
Mama hakugeuka.
— Kama ni mubaya, uanzie kwangu.

Hilaire akacheka. Amecheka, mshenzi! Papa akanigeukia.
— Uongeleshe mama yako.
— Papa, sitaongelesha mutu. Vua hiyo pompe.

Hakuvua. Ameanzia upande wa barabara, polepole. Anafuata mstari, anarudi na mwingine. Nimemwita. Nimemtukana, Mungu anisamehe, baba yangu mzazi. Maharage nyuma yake yameloa na bado ni mabichi, ukiyatazama utasema ni mvua tu.

Mama amefungua kitenge chake cha juu, ameyafunika yaliyo mbele yake. Kinafikia miche michache tu. Mingine anaikinga kwa mikono.

Papa amekaribia. Amesimama. Hilaire anapiga honi.

Papa analia, naona mabega yake. Lakini mkono uko kwenye mpini wa pompe, na unaupiga juu, chini —