Sindano Aliyoikataa Mama

Dar es Salaam, 9 Agosti 1997

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Mimi mzima, sijui wewe na kahawa yetu.

Mama, sikusafiri. Uwanja wa ndege waliniomba kadi ya njano. Bila chanjo ya homa ya manjano, Afrika Kusini hawampokei mtu. Hata nikidungwa leo, mpaka zipite siku kumi, na mafunzo ya useremala hayanisubiri. Nafasi kapewa mwingine. Nimejificha kwa mjomba, naona haya. Parokia nzima ilinisindikiza kwa kwaya! Waeleze wewe kwa nini sikuchanjwa. Mimi nitamtajaje mama yangu?

Mwanao, Pankras

Mapera, 2 Septemba 1997

Mwanangu Pankras,

Milele amina, na marahaba. Mimi sijambo, ila usingizi sipati.

Wanawake gulioni waliapa sindano ile inaua uzazi, nawe ndiye mtoto wangu pekee. Ndiyo maana nilikukatalia kwenda kudungwa, nawe ukanitii. Sasa watu wanasema ulilewa, ndege ikakuacha. Nami nimenyamaza tu. Kila nikitaka kusema, naona aibu. Nivumilie, baba.

Mama yako

Dar es Salaam, 30 Septemba 1997

Mama,

Shikamoo. Afya ipo.

Mchumba wangu Hilda ameniandikia. Baba yake, mzee Tarsisi, amesikia mimi mlevi, anataka kurudisha mahari. Ulikuwa unalilia wajukuu, mama, haya sasa mchumba ndiye huyo anakwenda! Sikutukani, wewe ni mzazi. Lakini usiposema, Mapera sirudi.

Pankras

Mapera, 19 Oktoba 1997

Mwanangu,

Hujambo? Mimi namshukuru Mungu.

Nimekwenda kwa mzee Tarsisi. Nikakuta jumuiya imejaa sebuleni, inasali rozari. Nikasema potelea mbali, wasikie wote: Pankras hanywi, ni mimi niliyemzuia asichanjwe, kwa umbea wa gulioni. Lo! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mzee akanitazama, akasema, "Kumbe kijana hana kosa. Lakini binti yangu ataishije na mama mkwe kama wewe?"

Hilda ndiye aliyejibu. Anakutaka, ila kwa sharti moja: watoto wake watachanjwa chanjo zote, na mimi sitaulizwa. Nimekubali mbele za watu.

Rudi uoe.

Mama yako, Kunigunda