Vilima Viwili vya Nyota Yetu

Nyumbani kwa Baba, Moding
Alhamisi, jioni

Mdogo wangu mpendwa Emojong,

Salamu zikufikie ukiwa umekaa, umekula na umevaa sweta. Kifua kinaendeleaje? Juzi kwenye simu nilikusikia ukikohoa huku ukijifanya unacheka. Tafuna tangawizi, usingoje mpaka uanguke huko Cape Town ambako hakuna hata mtu mmoja wa kukukanda mgongo. Sisi huku tu wazima. Baba anafika zizini na kurudi bila fimbo. Dada yetu Apolot bado anafundisha Butula, na bado salamu zake ni nyingi kuliko safari zake. Mihogo imekubali mwaka huu, na yule ng'ombe mwekundu uliyesema ni tasa amezaa, kwa hiyo una deni la kumwomba msamaha.

Utashangaa kwa nini dada yako anayekupigia kila Jumapili ameshika kalamu kama watu wa zamani. Nimejaribu simu mara tatu wiki hii. Kila nikifungua mdomo unaanza wewe na furaha yako, nami nameza nilichotaka kusema. Karatasi haitanikatiza. Nikimaliza nitazipiga picha kurasa hizi na kukutumia leo hii hii, kabla sijaogopa tena. Nakuomba uzisome zote ndipo unipigie. Jumatatu unasimama mbele ya maprofesa wako kuitetea tasnifu yako, na haki ya Mungu usisimame kabla hujayasoma haya.

Kazi yangu pale Malaba unaijua. Malori yanapanga foleni mpaka huoni mwisho wake, nami nakaa kwenye ofisi ya wakala wa forodha nikilinganisha namba ya sili iliyofungwa mlangoni mwa kontena na namba iliyo kwenye karatasi. Tarakimu moja ikikosea, lori halivuki. Madereva wamenililia, wameniita dada, wameniita mama, mmoja alipiga magoti matopeni na suruali yake nzuri, na sijawahi kupitisha karatasi ya uongo. Ndiyo maana uliniachia mimi darubini ya utafiti wako wa nyota badala ya kumwachia Eriaku, binamu yetu, ambaye anapenda mitambo kuliko mimi. Ulimwambia Mama nikisikia kwamba Asekenye hawezi kuandika kitu asichokiona. Maneno hayo yananichoma ninapoyaandika.

Sikuwa najua lolote la nyota. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba ile yetu ni ya moto mkali, ya samawati, inayojizungusha kwa kasi mpaka imevimba kiunoni, na kwamba hewa yake inachomoka pale kiunoni na kuizunguka kama pete. Mama alielewa kabla yangu. Alisema basi ni msichana anayecheza ngoma mpaka shanga za kiuno zinaruka. Ukapiga makofi, ukasema miaka yote chuoni hujasikia mtu akieleza vizuri hivyo.

Kisha ukatuonyesha jinsi kile kisanduku cha nyuma ya darubini kinavyouchana mwanga wa nyota kuwa utepe wa rangi, kutoka zambarau mpaka nyekundu, na jinsi pete ile inavyojitangaza kwenye mstari mmoja mwekundu wa haidrojeni unaong'aa kuliko majirani zake. Ukiuchora mwangaza wa mstari huo unapata vilima viwili, kimoja cha upande wa pete unaotujia na kingine cha upande unaotukimbia. Tangu Novemba kilima cha kuelekea zambarau ndicho kilichokuwa kirefu, na cha pili kifupi. Jioni baada ya jioni ilikuwa hivyo hivyo, mpaka nikavizoea kama ninavyozoea mlio wa geti letu.

Uliniachia amri mbili. Ya kwanza, kila nikishapiga picha ya nyota niwashe kile kitaa chekundu kilicho ndani ya tester, ile bisibisi ya fundi ya kupimia stima, nikipige picha vilevile, kwa sababu mistari yake inajulikana mahali pake na ndiyo rula yako ya kupimia. Ya pili, nisiifungue kamera kutoka kwenye kisanduku, na ikibidi kuifungua nikwambie siku hiyo hiyo. Nikaapa. Mama alikuwa shahidi, ameshika kikombe cha chai.

Halafu Februari Mama akaanguka jikoni, na hayo mengine unayajua. Karatasi zako za ukaazi zilikuwa ofisini kwao zikifanywa upya, na ungetoka usingerudishwa ndani. Ulinipigia ukilia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu ukiwa mtoto. Uliniomba kitu kimoja tu, nisikuache nje ya maziko. Kila kundi litakaloitwa kusimama kando ya jeneza, wakwe, wajukuu, watu wa kanisa, wewe upate picha yake. Na ulizipata, picha sabini na tano. Uliniambia uliiona ile nafasi niliyoiacha kati yangu na Apolot kwenye picha ya watoto, ukajua ni yako, ukalala ukiwa umeikumbatia simu.

Jioni ya siku hiyo, wageni wakiwa bado chini ya turubai, nilikwenda kuitazama nyota. Usidhani ni ujasiri. Nilitaka kukaa mahali ambapo hakuna mtu wa kuniambia pole. Nikakutumia kile kipande kidogo chenye mstari, kama kawaida, maana mtandao wa hapa haubebi picha nzima. Asubuhi ukanipigia ukipiga kelele mpaka nikadhani kuna msiba mwingine. Vilima vilikuwa vimebadilishana. Kirefu kilikuwa sasa upande wa nyekundu. Ukasema jambo hilo huchukua miezi, pengine miaka, na hii imegeuka katika siku tano nilizokaa matangani. Darubini ya chuo ilikuwa inatengenezwa, na wenzako wa Ulaya walikuwa chini ya mawingu ya baridi, kwa hiyo ushahidi ulikuwa wetu peke yetu. Kisha ukasema nyota imegeuka siku ya Mama.

Sijui kama unafahamu neno hilo lilifanya nini hapa. Baba alikuwa hajala siku tatu wala kusema. Nilimwambia ulichosema, akainua uso. Tangu siku hiyo kila mbingu ikiwa safi anatoka na kiti chake, ananiuliza ni ipi, anaivulia kofia. Wageni wakija anawasimulia. Hata pale kwenye chungu cha ajon, pombe yetu, wazee wenzake wameshachoka kuisikia, wanamwambia basi mzee, tumeshajua, vuta mrija.

Jana ukanitumia ukurasa wa kwanza wa tasnifu. Kwa Mama, aliyezikwa jioni ambayo nyota iligeuka. Uliniomba nimsomee Baba. Nilimsomea mara tatu kwa sababu alitaka mara tatu. Kisha akampigia Wandera, yule fundi anayelijengea kaburi, akamwambia Jumamosi akishamwaga simiti aandike maneno hayo hayo chini ya jina la Mama, kwa msumari, kabla haijakauka. Nikaingia chooni, nikafunga mlango, nikauma leso ili nisisikike.

Emojong, nyota haikugeuka. Kilichogeuka ni kamera.

Mpiga picha tuliyekubaliana naye kutoka Busia mjini hakutokea siku ya maziko. Msema chochote, yule mwongoza shughuli, alishaanza kuita makundi. Watu wanasimama kando ya jeneza, wanatazama huku na huku, hakuna kamera, na mimi nasikia sauti yako ikiniambia nisikuache nje. Nikakimbia mpaka stoo, nikaifungua kamera kwenye kisanduku, nikarudi nikapiga picha zote mwenyewe, isipokuwa ile ya watoto ambayo Eriaku alinishikia. Ulipouliza ni kamera ya nani nikasema ya Eriaku. Huo ndio uongo wa kwanza, na ulinitoka kirahisi sana.

Jioni niliirudisha. Nilikuwa nimeifuta vumbi la kaburini kwa leso iliyolowa, na ile alama ya wino uliyochora kuonyesha juu ni wapi ilikuwa imefutika. Nikaifunga juu chini. Utepe wote ukakaa kinyume, zambarau mahali pa nyekundu, na mstari wetu katikati pale pale, ila vilima vimepishana. Tester ingenionyesha papo hapo, lakini tester sikuiona, kumbe alikuwa nayo fundi wa vipaza sauti. Unajua matanga yalivyo, kila kitu cha nyumba kinakuwa cha watu wote. Nikakutumia picha ya rula ya wiki iliyopita nikaiandika tarehe ya siku hiyo. Na kesho yake tena, na wiki sita zilizofuata, kwa sababu niliona aibu kukwambia kifaa chako kimepotea. Kwa dereva ningesema hiyo ni karatasi ya kughushi.

Mwezi wa nne fundi akarudisha tester, akaniomba radhi. Nilifurahi, nikaiwasha siku hiyo hiyo, nikapiga picha. Ile mistari ya kitaa iliyosongamana, ambayo siku zote hukaa kushoto, ilikuwa kulia. Nilijua kabla sijavuta pumzi, kama ninavyojua sili iliyobadilishwa. Nikaketi chini kwenye nyasi. Nikazigeuza picha zote za tangu maziko, moja moja, na kila moja ikaniambia kirefu zambarau, kifupi nyekundu, vilevile kama Novemba. Hakuna kilichotokea kule juu. Mama alikufa, na ile nyota iliendelea kucheza ngoma yake kama kawaida, haikuwa na habari.

Ungesikia hayo jioni ile ile, ningekuwa dada aliyekosea tu. Hapa sasa ndipo penye shida. Niliirekebisha kamera, nikaitazama nyota jioni tatu za mwisho kabla haijapotelea kwenye jua. Picha zilitoka za kweli. Nami kwa mikono yangu mwenyewe, nikiwa na akili zangu zote, nikazigeuza ili zifanane na zile za uongo, ndipo nikakutumia. Ulikuwa umeniambia sura yote ya nne imesimama juu ya jambo hili. Baba alikuwa amerudi kula. Nikajiambia nitakueleza Jumapili. Jumapili zimepita zaidi ya ishirini, tasnifu ukaiwasilisha Julai, na mimi kila wiki nauliza habari za kifua chako.

Sijui watakufanyia nini. Nimekuwa nikijiuliza kama watakunyang'anya miaka minne kwa ajili ya kamera iliyofungwa na mtu aliyetoka kumzika mama yake. Waambie ni mimi. Waambie jina langu na mahali ninapofanya kazi. Waonyeshe barua hii, nimeiandika kwa mkono ili mtu asije kusema umeitunga. Lakini usiingie chumba kile Jumatatu ukaisema sura ya nne kwa kinywa chako, maana ukiisema baada ya kusoma hapa, uongo utakuwa umekuwa wako pia, na hilo ndilo ninaloogopa kuliko hasira yako. Picha zenyewe si bure. Ukizigeuza zote isipokuwa hizo tatu ulizozipata zimegeuzwa na mimi, yaani, hata sasa nachanganyikiwa, hizo nazo zigeuze. Geuza kila kitu nilichokutumia tangu maziko. Utabaki na nyota iliyotulia miezi sita, ambayo haina habari ya kumfurahisha profesa.

Baba sijamwambia. Yuko nje sasa hivi, nasikia kiti chake kikiburutwa ukutani, anangoja giza. Nyota yetu haionekani jioni miezi hii na nimeshamweleza, lakini anasema atakaa tu. Nitamwambia kesho, ukishasoma, hata kama hutaki kuzungumza nami. Ila Wandera anakuja Jumamosi saa tatu na ndoo zake, na simiti haingoji mtu. Wewe ndiye uliyeyatunga maneno ya kaburi, na mimi ndiye niliyeyaharibu. Niambie tuandike nini.

Msalimie yule mama mwenye nyumba wako, mwambie aendelee kukuhimiza kula. Apolot anakusalimu, naye hajui lolote. Baba anasema Mungu akusimamie Jumatatu, na nimeitikia amina, nikimaanisha. Jifunike vizuri. Kama hutaniita dada tena nitaelewa, lakini tangawizi tafuna.

Ni mimi, mtoto wa mama yako,
Asekenye

Nimesahau: kadi ya kamera ninayo, sijafuta kitu, na Eriaku ataikabidhi kwa wakala wa vifurushi Malaba kesho alfajiri ije kwako. Namba za picha zimefuatana, mtu yeyote anaweza kuzilinganisha. 4111 ni nyota na 4112 ni rula yake, zikiwa sawa. Kuanzia 4113 ni maziko. 4187 ni ile ya watoto, na nafasi yako. 4188 ni nyota tena, juu chini.